Kisa cha Msumari Mtupu na Mzizi Uliogongwa Mara Mbili

Sogeeni, enyi mliokaa na enyi mliosimama, enyi mnaodhani kwamba ushujaa ulikwisha siku mikuki ilipotundikwa darini. Tueni mizigo, zimeni redio, na anayepika apunguze moto aje asikilize. Maana inasimuliwa hapa habari ya mtu mmoja, jemadari wa majani mabichi, bwana wa mistari iliyonyooka, aliyepanda chuma kinachonguruma akaenda peke yake kumkabili adui asiye na macho wala miguu, adui aliyemkwepa kwa ustadi maisha yake yote ya kazi. Akamgonga, akarudi nyuma, akamgonga tena. Adui huyo alikuwa mzizi wa mti. Mwenye kucheka acheke sasa amalize, kwa sababu huko mbele mambo ni mazito.

Palikuwa na chuo, na chuo kile kilikuwa na majengo ya kutosha na nyasi za kupindukia. Mbele ya jengo la utawala palitandazwa bustani ambayo wageni hupigia picha; upande wa mabweni palishuka mteremko kutoka kwenye matangi ya maji, mteremko wa kumtoa dereva jasho hata akiwa amekaa; na nyuma ya maktaba palisimama miti minene ambayo mizizi yake ilikuwa imechoka kukaa chini ya udongo, ikatoka nje kuota jua. Msimu wa mvua nyasi zilifika magotini kabla watu hawajamaliza kulalamikia matope.

Dhidi ya jeshi hilo la kijani alisimama Msumari Mtupu. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwepo kwenye kitambulisho na halikutumika pengine popote. Alikuwa mtu wa makamo anayeelekea uzee kwa shingo upande, suruali ya kaki yenye mkunjo wa pasi, kofia iliyokaa sawa, mgongo unaomuuma ambao hakukubali kuuzungumzia. Mistari aliyoiacha kwenye nyasi ilinyooka kiasi kwamba akimaliza kazi hupanda ngazi za maktaba hadi ghorofa ya juu, akasimama dirishani kuitazama, na mtunza vitabu alishazoea kumpisha.

Ama jina lenyewe, asili yake ni hii. Ilikuwa desturi ya stoo ile, iliyoachwa na watu waliostaafu zamani, kwamba dereva mpya akiajiriwa hupewa nyundo na msumari, akaupigilia ukutani kwa mkono wake mahali anapopenda. Siku atakapopinda au kuvunja kisu cha mashine kwa kugonga jiwe, mzizi, chuma au kiatu kilichosahauliwa, kisu hicho huoshwa kikatundikwa kwenye msumari wake. Hakuna adhabu nyingine. Kisu kinaning'inia pale, na mwenyewe hupita chini yake kila asubuhi akienda kuchukua kofia.

Msumari wa dereva mwenzake, bwana mnene mcheshi aliyeitwa Kisiki kwa sababu ambazo hazihitaji kuelezwa, ulikuwa umeinama kwa uzito hata ukaongezewa mwenzake. Ila msumari wa shujaa wetu haukuwahi kushika kitu tangu siku alipoupigilia akiwa kijana. Aliufuta kwa kitambaa chenye mafuta usipate kutu. Wageni wakija stoo alikuwa na namna ya kujikuta amesimama karibu na msumari huo, akisubiri mtu aulize.

Basi ikawa, katika siku hizo, mashine ya zamani ikafa. Karai lake la chini, yaani lile bati pana linalofunika visu, lilikuwa limechomelewa mara nyingi mno. Fundi, mama wa stoo mwenye spana mfukoni na maneno machache mdomoni, alilitazama mara ya mwisho akavua miwani yake ya kuchomelea.

"Hapa sasa nachomelea hewa," akasema, akaenda kunawa.

Chuo kikaagiza mashine mpya, na muuzaji, mtu mwenye haraka na tabasamu, akaleta mbili ili zijaribiwe na moja inunuliwe. Zote zilikuwa za ukoo ule unaogeuka palepale uliposimama, zisizo na usukani bali fimbo mbili: sukuma zote mbele, inakwenda, vuta moja na kusukuma nyingine, inajizungusha papo hapo, na dereva mgeni huteremka akitafuta ukuta wa kushika.

Sikilizeni sasa sifa za farasi hao wawili. Wa kwanza alikuwa wa bluu, mwana wa enzi, mwenye taa mbele, kiti cha ngozi, mapambo ya plastiki yaliyopinda kwa madaha, na mkononi mwa kiti kishikio cha kikombe. Karai lake lilikuwa bati moja lililokandamizwa kwenye kalibu likapata umbo, jepesi, la mviringo, laini kwa ndani, nyasi zikikatwa zinateleza na kutoka bila kuganda. Pampu yake ya mafuta na mota ya gurudumu vilifungiwa pamoja ndani ya boksi moja lisilo na pa kuingizia spana. Ilikuwa mashine nzuri kutazama na tulivu kusikiliza, na anayesema vinginevyo anaionea.

Wa pili alikuwa wa kijivu, na sura yake ilikuwa ya mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake. Karai lake liliundwa kwa vipande vinene vya chuma vilivyounganishwa kwa kuchomelewa, na pembeni, mahali pa kupokea vipigo, chuma kimeongezwa juu ya chuma. Ekseli za visu vyake zilikaa ndani ya vikombe vya chuma kizito, kila kimoja na kitundu chake cha kutilia grisi. Pampu ilikuwa huku, mota za magurudumu kule, na mabomba yakipita nje kila mtu ayaone. Kiti kilikuwa juu ya springi. Kupanda kwake ilikuwa shida, kelele yake ilikuwa nyingi, na mahali pa kuweka kikombe hapakuwepo.

"Ya bluu pampu ikifa, unatupa boksi zima," akasema Fundi baada ya kulala chini ya zote mbili. "Hii ya kijivu nafungua bolti nne, natoa kilichokufa, nabakiza kilicho hai. Lakini sijui ipi inakufa kwanza. Hilo mniambie nyinyi."

Naye muuzaji, kabla hajaondoka, aliwausia maneno ambayo muuzaji mwingine yeyote angeyaficha. "Ndugu zangu, hizi zina bima. Zitumieni vibaya. Zipelekeni kwenye mawe, zipandisheni kingo, zigongesheni. Mkinirudishia vipande sitawadai hata nati. Nataka mjue mnachonunua ili msije mkanipigia simu kila wiki."

Ndipo Msumari Mtupu alipovua kofia, akaweka mkono mmoja juu ya chuma cha bluu na wa pili juu ya chuma cha kijivu, akanena. "Enyi mashine mbili mliotoka mbali, na wewe mwenye mali unayetuamini kuliko tunavyojiamini, sikieni. Mimi ambaye sijagonga jiwe wala mzizi tangu nilipopewa ufunguo wa stoo hii, naapa mbele ya Fundi na mbele ya Kisiki kwamba nitazijaribu hizi kwa haki, bila upendeleo, na nitazirudisha kwa mwenyewe kama alivyozileta."

Muuzaji alifungua mdomo kusema neno kuhusu hilo la mwisho, lakini simu yake iliita, akaondoka akiongea.

Hapo ndipo lilipoingia kosa, na lilikuwa kosa la watu wema. Maana wale walikuwa wafanyakazi waliolelewa kwamba mali ya mtu ukiazimwa unairudisha ikiwa safi kuliko ulivyoikuta, na hakuna bima duniani inayoweza kumtoa mtu malezi. Kila asubuhi kabla mashine hazijatoka, Kisiki alitangulia na reki akiokota vijiti na mawe njiani. Viti vilifunikwa nailoni. Umande ukiwepo, walisubiri ukauke. Kwenye mteremko hawakwenda, zisije zikachoka. Nyuma ya maktaba hawakwenda, zisije zikachubuka. Wakabaki bustani ya mbele, wakikata nyasi zilizokwisha kukatwa jana, huku na huko, kwa mistari mizuri ajabu. Jioni waliziosha kwa mpira wa maji na sabuni, Fundi akazipangusa, na Msumari Mtupu akazifunika shuka mbili za kitanda alizoleta kutoka nyumbani bila kumwambia mwenye shuka.

Yakaitwa majaribio. Siku kamati ya ununuzi ilipokaribia kukaa, wajaribuji wetu walikuwa na hakika ya jambo moja tu, kwamba zote mbili zinaoshika vizuri.

Akaja Mkuu wa Ugavi. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye hatua za haraka, na mbali ya cheo chake alikuwa mdogo wake mke wa Msumari Mtupu, kwa hiyo kila alichomwamuru shujaa alikiamuru kama bosi na kumtania kama shemeji, na shujaa hakujua daima ni lipi kati ya hayo mawili linaendelea. Alifunua shuka, akaitambua, akainua nyusi. Kisha akainama akapitisha kidole chini ya karai la bluu, na chini ya karai la kijivu, akakitazama kidole. Hakikuwa hata na unyasi mmoja.

"Shemeji, hizi mmezijaribu lini?"

"Mkuu wa Ugavi," akajibu shujaa, akijinyoosha, "tangu siku ya kwanza hadi leo hatukulala. Tumezipeleka mbele, tumezirudisha nyuma, tumezizungusha kulia na kushoto, na tazama, hazina mkwaruzo. Hiyo ndiyo ripoti yetu na hiyo ndiyo fahari yetu."

"Hiyo siyo ripoti. Hamjazijaribu, mmezitunza." Akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Nisikilizeni jamani. Mimi sipandi mashine, nyinyi ndio mnaopanda. Kesho kutwa naingia kwenye kamati. Nikiwaambia zote zinang'aa, zote zinakata, tofauti inayobaki ni kishikio cha kikombe, na mwenyekiti wetu mnajua anavyopenda chai. Tutachukua ya bluu. Labda ni nzuri. Labda mvua za kwanza itapasuka kwenye ile mizizi, na nitakuwa sina namna ya kuleta nyingine mpaka mstaafu. Mtarudi kwenye zile mashine za kufyekea za kubeba begani."

Neno hilo la mwisho liliwaangukia wote. Kisiki akashika bega lake la kulia bila kujijua. Alikuwa ameibeba ile ya begani misimu mizima kabla mashine ya zamani haijaletwa, na hadi leo hakuweza kuvaa shati bila msaada wa mke wake. Msumari Mtupu alimwona anavyolishika. Akageuka kuangalia pengine.

"Mnataka nini, igongwe?" akauliza Kisiki. "Hilo tu? Nipeni mimi."

Na hakuna aliyeshangaa, kwa kuwa katika fani ya kugonga hapakuwa na mwalimu kumshinda. Wakaichukua mashine ya bluu hadi nyuma ya maktaba, Fundi akamchagulia mzizi, mmoja mzee wenye unene wa mpini wa jembe, uliojitokeza juu ya udongo kama mkono wa kikombe. Kisiki akapanda, akavaa kofia ngumu, akafunga mkanda, akapuliza mashavu, akasukuma fimbo. Akaukosa. Akarudi, akaukosa kwa upande wa pili. Akaja kwa ukali zaidi, macho yakiwa yameganda kwenye mzizi, na mashine ikapita pembeni kwa ulaini wa ajabu, ikazunguka mti mzima, ikarudi ilikotoka. Baada ya kujaribu mpaka jasho limemwingia machoni, akazima moto akateremka, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeibiwa kipaji.

"Nikitaka sipati," akasema. "Huwa inakuja yenyewe."

"Hata ungepata," Mkuu wa Ugavi akamwambia kwa upole, "isingetusaidia. Hii ungeigongesha hapa kwa mwendo huu, ile pale kwa mwendo mwingine, na muuzaji ana haki ya kuuliza kwa nini moja imeonewa. Nataka pigo moja, mahali pamoja, kwa mwendo mmoja, mashine zote mbili. Ndipo nijue."

Fundi akatazama chini. Kisiki akatazama juu. Kila mmoja alikuwa akifikiria mistari ile ya bustani ya mbele, ilivyonyooka, ilivyolingana, na mtu mmoja tu anayeweza kuipita njia ileile mara mbili bila kuachia hata upana wa kidole.

Msumari Mtupu akaelewa kwa nini wamenyamaza, na moyo wake ukashuka.

"Shemeji yangu," akasema, na sauti ya kihistoria ikamtoka kwa shida, "Mkuu wa Ugavi, mdogo wa mke wangu, uliyekula nyumbani kwangu na ukawaombea watoto wangu. Wapo watu wenye majumba, wapo wenye vyeo. Mimi nina msumari. Nikifa, mwanangu ataletwa stoo hii aoneshwe ukuta ule, aambiwe, baba yako ni yule asiye na kitu. Unaniomba nikautundikie aibu kwa mkono wangu mwenyewe, mchana, nikiwa na akili timamu?"

"Shemeji," akajibu, "ni mzizi."

Kisha akaona uso wake, akaacha utani. "Sikulazimishi. Kamati inakaa kesho kutwa. Ukiona huwezi, nitawaambia ya bluu."

Jioni ile shujaa hakumaliza chakula. Mke wake alimtazama akikoroga mchuzi na kijiko, naye alikuwa mwanamke asiyependa kukorogewa mchuzi. Akamuuliza, akaelezwa yote, pamoja na habari ya shuka, ambazo alikuwa amezitafuta kabatini tangu mwanzo wa wiki.

"Kwa hiyo unaogopa kuchekwa," akasema.

"Siogopi kuchekwa. Ni heshima ya kazi."

"Baba watoto, mimi humu ndani nimevunja vikombe, sahani, na ile chupa ya chai aliyotuzawadia mama yako. Uliwahi kuona nimeacha kuingia jikoni?" Akamwondolea sahani. "Na huyo Kisiki, mke wake aliniambia anamvalisha shati kila asubuhi kama mtoto. Wewe bega lako halina neno. Una mgongo tu, na huo unadhani sijui."

Msumari Mtupu alikuwa hajui kwamba mgongo wake unajulikana, na aibu ya hilo ikachanganyika na aibu nyingine zote. Alilala akitazama dari na aliamka akiwa na hasira na watu wote waliompenda.

Ikapambazuka siku ya vita. Alifika kabla ya wenzake, akatoa chokaa inayochorea uwanja wa mpira, na nyuma ya maktaba akapiga mstari mmoja mweupe kutoka ukutani hadi kwenye mzizi. Aliupima kwa kamba. Mahali ambapo fimbo zingesukumwa hadi mwisho, aliweka alama. Ikiwa ni lazima agonge, atagonga kwa unadhifu. Jambo hilo alikuwa amejiahidi wakati wa kunyoa ndevu.

Wakaja Fundi na Kisiki na Mkuu wa Ugavi, wakajipanga nyuma ya ukuta mfupi wa pembeni. Muuzaji naye alikuwa ameitwa, akaja na tabasamu lake. Wanafunzi kadhaa walioketi kwenye ngazi wakafunga vitabu.

Shujaa akapanda ya bluu. Akafunga mkanda, akasawazisha kofia, akawasha, na visu vikaanza kuimba chini yake. Kabla hajasukuma fimbo, alihutubia mzizi, kwa sauti ambayo mlio wa mashine uliimeza karibu yote, ila Kisiki aliyekuwa karibu alisikia mwisho wake: "...nawe huna kosa, na mimi sina ugomvi na wewe, tumeheshimiana miaka yote hii, lakini kuna mtu havai shati." Akasukuma.

Ikaenda juu ya chokaa bila kuyumba. Mikono yake, ambayo ilikuwa imekwepa vitu hivi tangu ujana, ilitaka kuvuta kulia. Aliishikilia. Ilitaka kuvuta kushoto. Akaishikilia hapo pia, na waliokuwa karibu wanasema alifumba macho, ingawa yeye anakanusha hilo hadi leo. Kukatokea kishindo cha sufuria iliyoangushwa na mtu mwenye hasira, na mashine ikasimama imeinamisha pua.

Fundi akaenda na jeki. Karai la bluu, lile la kalibu, lilikuwa limekunjwa ubavuni likaingia ndani mpaka kulishika jani la kisu. Kikombe cha ekseli kilikuwa na ufa. Gurudumu dogo la mbele lilitazama upande. Kisu kilikuwa kimepinda kwa namna ambayo kila mtu stoo aliijua vizuri. Shujaa alikuwa bado amekaa juu, mikono kwenye fimbo, machozi yakimlengalenga, na hakuyaficha.

"Shemeji, shuka kidogo upumzike," akasema Mkuu wa Ugavi.

"Nikishuka sitapanda tena. Leteni ile nyingine."

Wakaileta. Akapanda ya kijivu, kwa shida ileile ya siku zote. Mzizi ulikuwa umechubuka ganda tu. Akaanzia alama ileile, chokaa ileile, akasukuma hadi mwisho uleule, na safari hii macho yalikuwa wazi, kwa kuwa mtu aliyekwisha kupoteza hana cha kukwepa. Ikasikika ngo nzito, moja. Mashine ikaruka kidogo, springi za kiti zikamshusha taratibu, na ikaendelea mbele ikiwa bado inakata. Alikwenda nayo hadi ukuta wa pili kabla hajakumbuka kusimama.

Fundi akalala chini yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipotoka alikuwa na udongo shavuni. "Kisu kimepinda. Karai limechubuka rangi. Ekseli inazunguka kama mwanzo. Naiwekea kisu kingine, inarudi kazini sasa hivi."

Muuzaji alipiga picha zote mbili, ya bluu na ya kijivu, akamshika mkono Msumari Mtupu. "Hiki ndicho nilichowaomba siku ile," akasema. "Nilidhani lugha yangu ndiyo mbaya."

Kisha wakaingia stoo. Visu viwili vikaoshwa, na desturi ikamtaka mwenyewe avitundike. Aliusogelea ukuta. Alivishika kitambo. Msumari ule uliofutwa mafuta miaka nenda rudi ukapokea kisu cha kwanza, ukapokea cha pili, wala haukutikisika. Msumari Mtupu akarudi nyuma hatua moja akautazama, na Kisiki akamsogezea ndoo akae.

Kamati ilikaa, ikachagua ya kijivu. Mwenyekiti aliangalia picha za karai la bluu, akazirudisha mezani kwa unyonge, akauliza kama hiyo nyingine kweli haina mahali pa kuweka kikombe. Mkuu wa Ugavi akamjibu kwamba kikombe chake kitaendelea kukaa ofisini pamoja naye.

Basi na ijulikane kwa vizazi vijavyo, na iingie katika kumbukumbu za viwanja vyote vilivyowahi kukatwa, kwamba katika zama zile palikuwa na mtu aliyekuwa na sifa moja tu duniani, akaiendesha kwenye mzizi kwa hiari yake, kwa mwendo sawa, mara mbili, ili bega la mwenzake lipumzike. Na kwamba chuo kile hakikurudi tena kwenye mashine za begani. Falme zimepewa nyimbo kwa mambo madogo kuliko hayo, na wafalme wake hawakujua hata kupiga mstari.

Na jambo jingine likatokea ambalo hakulitarajia. Saa ya chai madereva hukaa chini ya ukuta wa visu na kila mmoja husimulia vyake: jiwe lililojificha, bomba lisilo kwenye ramani, kiatu cha mhadhiri. Kwa miaka yote shujaa alikunywa chai yake huku akitabasamu kwa adabu, maana hakuwa na la kuchangia. Sasa wakamgeukia. Akakohoa, akaweka kikombe chini, akaanza.

Mara ya kwanza aliposimulia, mzizi ulikuwa wa mpini wa jembe, kama ulivyokuwa. Juma lililofuata ulikuwa wa kifundo cha mkono. Mvua zilipoanza ukafika paja. Siku moja Mkuu wa Ugavi alipita stoo kuchukua funguo, akamkuta katikati ya hadithi, wafanyakazi wapya wawili wakimsikiliza midomo wazi, akasimama mlangoni.

"Shemeji," akamuuliza, "hebu tuoneshe. Mzizi wenyewe ulikuwa mkubwa kiasi gani?"

Akamtazama, yeye aliyekuwepo na kuona yote. Kisha akasimama, akatandaza mikono yote miwili, akaikunja mbele yake kama mtu anayekumbatia pipa.

Mkuu wa Ugavi akamgeukia Kisiki, ambaye naye alikuwepo. Kisiki alimeza chai yake, akalipima pipa lile la hewani kwa jicho la mtaalamu.

"Anapunguza huyo," akasema.